Dumu Lisirudi Nusu

Nianze na dumu lenyewe, maana bila hilo nisingekuwa na la kusimulia. Lilikuwa la plastiki, rangi ya kahawia iliyokolea kama chupa ya dawa ya kikohozi, lina mkono wa kushikia na kifuniko cheupe kipana. Linaingia lita tatu. Ubavuni walikuwa wamelibandika karatasi yenye jina langu, na karatasi yenyewe ilikaa upande. Mimi ni fundi wa cherehani, nimeshona sare za shule tangu sijaolewa, na kitu kilichokaa upande hunisumbua macho. Siku nzima nilikuwa nikiitazama ile karatasi badala ya kufikiria kilichokuwa kinaingia ndani.

Kilichokuwa kinaingia ndani ni mkojo wangu.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekatwa titi la kushoto. Kansa. Baada ya kisu zikaja zile dripu zilizoninyoa nywele mpaka nyusi, nikawa nikijitazama kwenye kioo naona yai. Nilipomaliza waliniambia niende nyumbani nikapumzike, nami nikaenda, lakini aliyewahi kuumwa ugonjwa ule anajua kwamba hupumziki. Kila ukikohoa unajiuliza. Kila mfupa ukikuuma unajiuliza. Nilikuwa na swali moja tu maishani: je, umerudi? Na nilikuwa nimejiapia kimoyomoyo, sikumwambia mtu, kwamba ukirudi sitakaa tena kwenye kile kiti cha dripu. Nitamshukuru Mungu kwa nilichokwisha kupewa, nitalala kitandani kwangu, basi.

Daktari mmoja wa utafiti alikuwa amenijia tangu awali, kabla sijakatwa. Binti mwembamba, miwani inamshuka puani kila akiinama, anaipandisha kwa kifundo cha kidole. Aliniomba niwe mmoja wa watu wanaotoa mkojo wa kutwa kucha ili wao wapime vitu fulani ndani yake.

"Vitu gani, mwanangu?" nikamuuliza. "Sukari?"

"Hapana, bibi. Vinaitwa poliamini. Kila mwili unavyo. Chembe za mwili zikitaka kuongezeka, zinavitengeneza na kuvitumia. Mtoto anayekua anavyo vingi, kidonda kinachopona kinavyo. Na kansa ni chembe zinazoongezeka bila adabu, kwa hiyo nazo zinavitumia kwa wingi, na mabaki yanatokea kwenye mkojo."

"Kwa hiyo ukiviona vingi, ni kansa."

"La, bibi, hapo ndipo kwenye shida. Vinaweza kuwa vingi kwa sababu nyingine. Na kuna wagonjwa ambao vyao havipandi kabisa. Watafiti wamebishana juu ya jambo hili tangu mimi sijazaliwa. Ndiyo maana tunapima watu wengi."

Nilikaa nikalifikiria. Chini ya cherehani yangu, jioni, huwa kuna vipande vya nyuzi na vitambaa. Nikamwambia, "Ni kama sakafu yangu. Mtu akiingia akaona takataka nyingi chini, anajua fundi ana kazi nyingi. Lakini hawezi kujua kama nilishona gauni au suruali, au kama nilikuwa nafumua tu."

Alicheka mpaka miwani ikamwangukia mapajani. "Bibi, hayo maneno nitayaiba."

"Yachukue, ninayo mengine."

Basi nikakubali. Mara ya kwanza walinipima kabla sijakatwa, mara ya pili baada ya dripu kwisha, nikiwa bado nimelazwa, na kila kitu kilifanywa na wauguzi. Mara ya kwanza vilikuwa juu, mara ya pili vikashuka. "Sakafu imefagiwa, bibi," daktari aliniambia, nikafurahi siku hiyo kama niliyepewa nywele zangu zote. Mara ya tatu ndiyo nilipewa dumu nikaambiwa nikakusanye mwenyewe nyumbani.

Nyumbani nilikuwa nakaa na wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Alihamia kwangu nilipotoka hospitali. Hakuulizwa, hakuomba, alikuja na masanduku mawili na mto wake wa kulalia akasema, "Nionyesheni chumba changu." Watoto wa mtaani walimpachika jina la Tarumbeta kwa sababu ya sauti, na yeye mwenyewe alilipenda. Alikuwa mwanamke mpana, mrefu, mikono kama miguu ya watu wengine. Alipika katika shule ya bweni mpaka alipostaafu, sufuria za kupanda kwa kigoda, na sauti ile aliipatia huko, akiita wanafunzi mia kadhaa waje kula.

Nieleze jambo moja juu yake, kwa kuwa mambo yote yalitokana na hilo. Wifi hakuvumilia chombo kisichojaa. Kikombe cha chai alikijaza mpaka ukakiinamia kunywa kabla ya kukiinua. Na jirani akileta kitu kwenye bakuli, bakuli halikutoka nyumbani kwake tupu hata siku moja: ataweka vitunguu, ataweka sukari, na akikosa vyote ataweka hata kiberiti. Kumrudishia mtu chombo chake kitupu, au kina kitu kidogo chini, kwake ilikuwa sawa na kumtukana mbele za watu.

Siku ya kukusanya, nilimweleza masharti. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni wa kumwaga. Kuanzia hapo kila tone linaingia dumuni, mpaka kesho yake asubuhi, na ule wa kuamkia nao uingie. Dumu lisisuuzwe, maana ndani kuna tindikali kidogo ya kuzuia usiharibike, na tindikali hiyo isiguse ngozi. Likae mahali pa baridi.

"Pa baridi wapi?" akauliza.

Nikatazama friji.

Akajiweka mbele ya mlango wa friji, mikono kiunoni. "Humu kuna maziwa. Kuna nyanya zangu. Halafu uniwekee na hilo? Mke wetu, heshima zimekwisha?"

"Lina kifuniko."

"Hata jeneza lina kifuniko, na hatuliweki jikoni."

Tukakubaliana liwekwe bafuni, ndani ya beseni la maji baridi chini ya sinki, juu yake taulo lililoloweshwa. Alibadilisha maji yale mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Pale nje ya bafuni nilikuwa na kopo la kukingia, kisha namimina polepole, nimegeuza uso.

Tatizo ni kwamba sikuwa nakunywa maji vya kutosha. Tangu dripu zile, maji yalikuwa na ladha ya misumari mdomoni. Nilikunywa kwa kujilazimisha, na kinachoingia kidogo hutoka kidogo. Jioni wifi alilifunua taulo, akainua dumu, akalitikisa karibu na sikio kama mtu anayenunua nazi.

"Ndicho hiki tu?"

"Ndicho nilichonacho."

"Hakijafika hata nusu!"

"Wifi, si mashindano."

"Watu wamekupa dumu la lita tatu. Lita tatu! Wangetaka kidogo wangekupa kikombe. Kesho unakwenda kuwawekea mezani kitu cha kugongagonga chini, mbele ya yule binti wa watu aliyekuomba kwa heshima?"

"Si chakula, wifi yangu."

"Chombo ni chombo," akasema, na kwa sauti ile nadhani mtaa mzima ulielimika.

Nilicheka, nikaenda kulala. Sikufikiria zaidi. Asubuhi nilikuwa nimechoka kama kawaida yangu siku zile, hivyo nilimpa kopo la mwisho, yeye akamimina, yeye akafunga kifuniko, yeye akaliviringisha dumu kwa taulo kavu na kulitia kikapuni. Niliona kikapu kinamvuta bega upande mmoja. Nikadhani ameweka na vyakula vya njiani, maana yeye hatoki nyumbani bila vyakula vya njiani.

Kwenye dirisha la maabara kulikuwa na bwana mmoja mnene, mpole, mwenye koti jeupe lililokosa kifungo cha pili. Nilikiona kile kifungo kila nilipokwenda na kila mara nilitamani kumvua koti. Alilipokea dumu kwa mikono miwili, nyusi zikampanda.

"Hongera, bibi! Leo umejitahidi."

"Huyu?" wifi akadakia kabla sijafungua mdomo. "Huyu anakunywa maji kama ngamia."

Nikamkanyaga mguu kwa kunisingizia. Yeye akatazama darini.

Majibu huwa yanachukua muda. Nilirudi kwenye cherehani yangu, nikashona tundu za vifungo kwa mkono, kazi ya kukaa tu. Nakumbuka siku hizo pia nilimpunguzia wifi kiuno cha sketi yake ya bluu, mara ya pili ndani ya muda mfupi. Alijizungusha mbele ya kioo akasema, "Unaona? Msichana amerudi." Nikasema labda kitambaa kimelegea. "Kitambaa ndicho kimenipenda," akajibu.

Kisha simu ikalia, na sauti ilikuwa ya daktari mwenyewe. Kwa kawaida alipiga karani. Mtu aliyeumwa anajua tofauti hiyo. Aliniomba nifike kesho yake, na kama nina mtu wa kunisindikiza nije naye.

Sitaandika mengi juu ya jioni ile. Nilifunga cherehani nikaifunika kitambaa chake, nikakunja kila kilichokuwa mezani, nikapanga nyuzi kwa rangi. Wifi alikuja akasimama mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Niende kesho."

"Ndiyo, lakini wamesemaje?"

"Wifi, wakiniita hivyo ni kwamba vimepanda." Halafu nikamwambia lile nililokuwa nimelificha, kwamba ukirudi sitatibiwa tena. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kwenye kigoda cha wateja wangu, kigoda kikalia. Chakula aliacha. Wifi yangu, Tarumbeta, kuacha chakula! Nikajua ananililia, nikamhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo: meza, kitanda cha kupimia chenye karatasi ya kuviringisha, viti vitatu vya plastiki, dirisha linalotazama matangi ya maji. Bwana wa maabara naye alikuwapo, amesimama kando ya kabati, na hilo likanitisha zaidi. Daktari alipandisha miwani.

"Bibi, sitakuzungusha. Poliamini zako zimepanda. Zimepanda sana kuliko mara ya pili."

Nikasema, "Haya." Neno hilo tu. Mikono yangu niliiweka juu ya mkoba, kidole gumba kikawa kinapapasa mshono wa mkoba, mshono mbaya, wa kiwandani.

"Lakini," akaendelea, "kuna jambo lingine hatulielewi. Ndani ya mkojo tunapima pia kitu kinachotoka kwenye misuli. Mtu mwenye misuli mingi anatoa kingi, mwenye misuli kidogo anatoa kidogo, na hakibadilikibadiliki hovyo. Kwa hicho tunajua kama mtu amekusanya wote au amesahau mwingine. Mara ya pili chako kilikuwa kidogo, kama tulivyotarajia, wewe ni mtu mdogo. Safari hii..." Akamtazama yule bwana.

"Safari hii, bibi," bwana wa maabara akasema kwa upole, "ni cha watu wawili. Nilipima mara ya pili na ya tatu, nikafikiri mashine imeharibika. Kwa hiyo tunauliza tu. Umeanza kubeba magunia?"

Nje maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye tangi. Mimi nilikuwa bado nazunguka na lile neno "zimepanda", sikuelewa magunia yametoka wapi. Kisha kiti cha pembeni yangu kikalia.

"Ni mimi," wifi akasema. Sauti ndogo. Sikuwahi kuisikia, sikujua kama anayo.

"Wewe nini, bibi mkubwa?"

"Mimi ndiye niliyelijaza." Akaanza kulia, machozi manene, anayafuta kwa kiganja. "Lilikuwa nusu, binti yangu. Chini ya nusu! Mtawaza nini juu yetu? Kwamba nyumba ile haina watu? Nikasema mkojo ni mkojo, wote tunakunywa bomba moja, tunakula sufuria moja. Alipolala nikaenda nikaongeza. Na asubuhi nikaongeza. Mpaka pakabaki padogo tu pa kutikisika."

Bwana wa maabara aligeukia kabati, mabega yanamtetemeka. Na mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka tumboni mahali ambapo sikujua kama bado pana kicheko. Nilicheka mpaka kovu likaniuma. Wifi akawa analia na kucheka pamoja, ananipiga paja. "Usinicheke! Jana yote nimekaa na hilo moyoni! Nilifikiri nimekuua kwa mkojo!"

"Sasa si ungesema nyumbani?"

"Ningesemaje? Ulikuwa umeniambia hutatibiwa tena. Nikaona nikisema kipimo kimekosea kwa sababu yangu na kumbe hakikukosea, nitakuwa nimekupa tumaini la uongo. Nikasema nitasema mbele ya mwenye kujua."

Hapo nikaacha kucheka. Nikaushika mkono wake mkubwa, wenye makovu ya mvuke wa miaka yote ile, nikauweka juu ya mkoba wangu.

Daktari naye alikuwa ameacha kucheka, lakini kwa namna nyingine. Alikuwa anaandika, anafuta, anaandika. Akasema taratibu, "Bibi, habari njema ni kwamba hatujui kitu juu yako. Dumu lile halisemi lolote juu yako. Utarudia, peke yako, hata likiwa robo." Kisha akamgeukia wifi. "Na wewe, bibi mkubwa, nakuomba unisaidie. Nawe kusanya mkojo wako, kwenye dumu lako. Zile poliamini zimetoka kwa mmoja wenu. Nataka kujua ni nani."

"Mimi?" wifi akasema, sauti imerudi. "Mimi ni mzima. Waulize watu. Mimi ndiye ninayemuuguza!"

Tukarudi na madumu mawili. Friji wifi alikataa tena kabisa, kwa hiyo mabeseni yakawa mawili chini ya sinki, na yeye akafunga utepe mwekundu kwenye lake, kutoka kwenye sanduku langu la tepe, ili tusichanganye. Langu lilifika chini ya nusu. Lake lilijaa, kama ilivyotarajiwa, na alilibeba mpaka dirishani kwa fahari kama kikombe cha ubingwa. Langu alilishika kwa mkono wa pili, nyuma ya mgongo.

"Hili ni la mgonjwa," akamwambia bwana wa maabara. "Msamehe."

Majibu yalipotoka tuliitwa tena sote. Safari hii nilikaa nimemshika wifi mkono tangu mlangoni. Daktari alianza na mimi.

"Bibi, sakafu yako imefagiwa. Ziko chini, chini zaidi hata ya mara ya pili. Tutakupima na kwa njia nyingine, ndivyo sheria, ila leo rudi nyumbani ukalale."

Niliinamisha kichwa tu. Nilisikia pumzi yangu inaingia mpaka chini kabisa, mahali ilipokuwa haijafika kwa zaidi ya mwaka.

"Na bibi mkubwa," daktari akasema, "zako ndizo zilizo juu."

Wifi akaniachia mkono. "Haiwezekani."

"Maana yake si lazima iwe ugonjwa ule. Inaweza kuwa kidonda cha tumbo, inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa si kitu. Kipimo hiki bado ni cha utafiti, siwezi kukutibu kwa hiki peke yake. Ninachokuomba ni ukubali kuangaliwa vizuri. Choo kinakwendaje? Uzito umepungua?"

"Choo changu ni changu," wifi akasema na kusimama. "Na uzito wangu hauna neno. Asante kwa muda wako, binti yangu. Mke wetu, twende."

Sketi ile ya bluu ilikuwa mbele ya macho yangu. Niliutazama mshono wa kiunoni niliouingiza ndani mara mbili, upana wa vidole viwili na kidogo, na nikaona tayari umeanza kulegea tena. Kitambaa hakilegei hivyo. Mimi najua vitambaa.

"Kaa chini, wifi," nikasema.

"Nimesema twende."

"Umepungua. Nimekupunguzia sketi hiyo mara mbili na sasa inataka ya tatu. Daktari, amepungua. Na ngazi zinamchosha, anasingizia viatu. Na chooni anakaa mpaka namgongea mlango."

"Ee! Na wewe umekuwa mpelelezi?"

"Uliniongezea mkojo wako kwenye dumu langu bila kuniuliza. Nami sasa nakuongeza kwenye miadi yangu bila kukuuliza. Kaa."

Aligeuka akanitazama. Tangu nilipoolewa kwao sikuwahi kumwambia neno lenye amri. Yeye ni mkubwa wangu, ndiye aliyenipokea mlangoni siku ya kwanza. Niliona hasira, na nyuma ya hasira hofu, ile ile ninayoijua, mwaka mzima nililala nayo.

"Wakinikuta nao," akasema polepole, "utakaa na mimi kwenye kile kiti chao?"

"Nitakaa."

"Hata wewe uliyesema hutakikalia tena?"

"Ukikaa wewe, nitakaa. Na siku yangu ikija, nitakaa pia. Nimefuta lile neno."

Akakaa. Kiti kikalia kama kawaida yake.

Walimpima. Walimpitishia mpira wenye kamera huko kusikotajwa, na alivyowasimulia wauguzi walikuwa wanashika mbavu. Wakaona uvimbe mdogo kwenye utumbo mpana. Ulikuwa umeshaanza kugeuka kuwa kansa, lakini haukuwa umetoboa ukuta wala kusafiri. Daktari wa upasuaji, mzee mkavu asiyecheka, alimkata kipande cha utumbo akamshona, na baada ya kuchunguza walichokitoa wakasema hahitaji hata dripu. Kiti kile hatukukikalia, si mimi wala yeye. Nilikaa kando ya kitanda chake wodini na sindano yangu, nikimlisha uji kwa kijiko, yeye akilalamika kwamba bakuli halijajaa.

Daktari wetu wa miwani alikuja kumwona. Alikuwa mwangalifu sana na maneno yake. "Bibi mkubwa, sitaki uende ukawaambie watu kwamba mkojo unagundua kansa. Kwako ilitokea hivyo. Wapo niliowaona vimepanda na hawakukutwa na kitu, na wapo wagonjwa ambao vyao vilikaa chini."

"Nimekuelewa, mwanangu," wifi akajibu. "Nitawaambia kwamba kujaza chombo kunagundua kansa."

"Wala hilo usiwaambie!"

Na mimi niseme wazi, kwa kuwa haya yatasomwa na watu: usijaze dumu la mwenzako. Bwana wa maabara alipata kazi ya ziada siku tatu kwa ajili yetu. Nilimlipa kwa njia yangu. Nilimwambia avue koti, nikamshonea kile kifungo cha pili hapo hapo dirishani, kwa uzi maradufu, kwa hiyo hakitatoka mpaka koti lenyewe lichakae. Alibaki na shati lake lenye mistari, ananishukuru, ilhali wa kushukuru nilikuwa mimi. Angeweza kusema mashine imekosea, akaandika namba, akaenda nyumbani. Alipima mara ya tatu. Kila nikiwaombea watu wazuri, yeye yumo, na yule binti aliyepiga simu mwenyewe yumo, na mzee mkavu yumo, ingawa bado hajacheka.

Sasa ni sote wawili tunaopimwa, siku moja, madumu mawili, utepe mwekundu na utepe wa kijani. Wifi baada ya upasuaji halijazi tena. Utumbo uliokatwa umemfanya awe mwangalifu na maji, na mara ya mwisho lake liliishia chini kidogo ya langu. Asubuhi nilimkuta bafuni amechuchumaa mbele ya beseni, amelishika, analitazama kwa uchungu wa kweli.

"Nusu," akasema. "Mimi. Nusu."

Niliona jicho lake linalikimbilia langu, kisha linarudi. Nikakaa naye pale kwenye sakafu ya bafuni. Kisha niliinuka. Nilikwenda nikaleta nilichokuwa nimekishona usiku wa jana yake kwa mabaki ya vitambaa vya sare: mifuko miwili ya dumu, mizito, ina kamba ya kuvuta shingoni, ndani nimetia bitana. Ukishaliingiza dumu humo na kuvuta kamba, hakuna atakayejua limejaa au halikujaa. Mfuko wake niliutia kifungo kikubwa cha mapambo kisichofungua kitu.

Aliupokea, akaupapasa mshono, akatafuta kosa, akakosa. Akaliingiza dumu lake, akavuta kamba, akalipakata.

"Mke wetu," akasema, "sasa hili naweza kulipeleka kwa watu."

Tukatoka, kila mtu na lake.